Jinsi ya Kuona Maji Yakiingia na Kutoka kwenye Seli za Kiazi

Katika mwongozo huu, osmosisi ni mwendo wa maji kupitia utando wa seli, kutoka kwenye myeyusho hafifu kwenda kwenye myeyusho mzito. Andaa kiazi mviringo kibichi na kigumu, kisu kikali, rula yenye milimita, vikombe 3 vya kioo, chumvi ya mezani, sufuria ndogo na kitambaa safi.

1. Andika A, B na C kwenye vikombe. Mimina mililita 200 za maji ya kunywa katika kila kimoja.

2. Tia chumvi kwenye kikombe B pekee: vijiko 3 vya chai, vilivyosawazishwa. Koroga mpaka isionekane punje hata moja.

3. Menya kiazi na ukate vipande 3 mfano wa chipsi, urefu milimita 50, upana na unene milimita 5. Kagua kila upande. Ganda likibaki, huzuia maji.

4. Chemsha kipande kimoja kwa dakika 3, kitoe kwa kijiko, kiache kipoe. Hiki ni cha kikombe C. Hatua hii ndiyo yenye uzito kuliko zote: joto huharibu utando wa seli, hivyo C huonyesha kiazi kisicho na utando hai.

5. Pima urefu wa kila kipande na uuandike kabla hakijagusa maji ya kikombe.

6. Tumbukiza vipande vyote kwa wakati mmoja. Hakikisha vimezama kabisa. Subiri dakika 60.

7. Toa kipande kimoja kimoja, ukianza na A. Kifute bila kukikamua, kipime, kisha kishike ncha moja kikiwa kimelala na utazame ncha ya pili.

8. Linganisha. Kipande cha A husimama kikakamavu, na huenda kimerefuka kidogo: maji yameingia. Cha B hulegea, huinama na kufupika, kwa sababu maji yametoka kufuata chumvi. Cha C hubaki kimelegea ingawa kimelala kwenye maji yaleyale ya A. Bila utando mzima, seli haiwezi kuyazuia maji ndani ikatuna.

Kipande cha B kikiwa kigumu kama cha A, usiandike matokeo. Rudia kuanzia hatua ya 1 kwa kiazi kipya.