Injini Kubwa Katika Gari Dogo

Fundi akiombwa kutia injini kubwa katika gari dogo la zamani, jambo la kwanza analoulizwa kwa kawaida ni kama injini hiyo itaenea chini ya boneti. Swali hilo ni la haki, lakini lipo jingine lililo zito zaidi: gari hilo litasimamaje? Tutalichunguza kwa mfano wa gari la Mini, lililobuniwa na Alec Issigonis na kuanza kuuzwa na kampuni ya BMC ya Uingereza mwaka 1959.

Katika majaribio, Mini ilitiwa injini yenye sentimita za ujazo 948, ikakimbia kilomita 145 hivi kwa saa. Mwendo huo ulionekana kuwa mkubwa mno kwa gari la namna ile, na injini ikapunguzwa. Wahandisi hawakubadili kipenyo cha silinda, ambacho ni milimita 62.9, bali walifupisha mwendo wa pistoni kutoka milimita 76.2 hadi 68.26. Mwanafunzi na ahakikishe mwenyewe: eneo la duara la silinda ni sentimita za mraba 31.07, likizidishwa kwa 6.826, kisha kwa idadi ya silinda, yaani 4, tunapata 848. Kwa injini hiyo Mini iliishia kilomita 116 hivi kwa saa.

Je, kilomita 29 ni kitu gani hata zisumbue watu? Nishati mwendo ni nusu ya tungamo ikizidishwa kwa kipeo cha pili cha kasi. Tuseme gari pamoja na watu wake lina kilo 750. Katika kasi ya kilomita 116 kwa saa, yaani mita 32.2 kwa sekunde, nishati yake ni kilojuli 390 hivi. Katika kasi ya kilomita 145 ni kilojuli 610 hivi. Kasi imezidi kwa robo tu, na nishati imezidi kwa zaidi ya nusu.

Nishati hiyo haipotei. Dereva akanyagapo breki, sehemu yake kubwa hugeuka kuwa joto kwa msuguano. Kilojuli 390 zatosha kuchemsha lita moja ya maji ya mtungini, na kubaki. Mini ya kwanza ilikuwa na breki za ngoma katika magurudumu yote manne. Ngoma ikipata moto sana hutanuka na kujitenga na viatu vya breki, na msuguano wenyewe hupungua. Dereva hukanyaga kwa nguvu na gari huendelea kwenda. Wala haikuwa rahisi kuweka ngoma kubwa zaidi, kwa kuwa magurudumu yenyewe yalikuwa ya inchi 10.

Hata hivyo injini ilikuzwa tena. John Cooper, mtengenezaji wa magari ya mashindano, aliishawishi BMC, na mwaka 1961 ikatokea Mini Cooper yenye sentimita za ujazo 997. Nguvu ilipanda kutoka farasi 34 hadi 55. Pamoja na injini hiyo, magurudumu ya mbele yalipewa breki za diski, ambazo hupigwa na upepo na kupoa upesi kuliko ngoma. Diski hizo zilikuwa ndogo, zikalalamikiwa. Mwaka 1963 ilifuata Cooper S, yenye diski pana na nene zaidi na kifaa cha kuongeza nguvu ya mguu wa dereva.

Injini ya Cooper S yastahili kuangaliwa kwa makini. Mwendo wa pistoni ulibaki milimita 68.26, bali kipenyo kilipanuliwa hadi 70.6, na ujazo ukawa karibu 1,070. Kupanua silinda hula kuta zilizo kati yake. Kwa hiyo silinda mbili za pembeni zilisogezwa nje, na mbili za kati zikakaribiana.

Liko na suala la giaboksi. Katika Mini, giaboksi hukaa chini ya injini na kutumia oili ileile, hivyo anayebadili injini hugusa vyote viwili.

Zoezi: Mwaka 1964 Cooper S ilipewa mwendo wa pistoni wa milimita 81.3, kipenyo kikiwa kilekile cha 70.6. Tafuta ujazo wake. Jibu likaribie 1,275.