Henry: Mhusika Aliyebebeshwa Huzuni ya Mshairi

Sonona ni ugonjwa wa akili unaomfanya mtu awe na huzuni nzito, au akose hamu hata ya mambo aliyoyapenda, karibu kila siku kwa muda usiopungua wiki 2. Usingizi huvurugika na mwili huchoka bila kazi. Zaidi ya hayo, mgonjwa hujiona hafai. Fikra hiyo humrudia mara kwa mara, na kwa kuwa inatoka ndani yake mwenyewe, huiamini.

Hapo ndipo ugumu wa mshairi mwenye sonona unapoanzia. Anataka kuyaangalia maumivu yake, lakini akili anayoitegemea kuyaangalia ndiyo iliyougua. Anahitaji kusogea kando kidogo.

Ushairi una njia ya kumsogeza. Sauti inayosema ndani ya shairi huitwa nafsineni, nayo si lazima iwe ya mtunzi. Mtunzi akiipa sauti hiyo jina, tabia na mambo yaliyoipata, amepata mhusika wa kubuni.

Mmarekani John Berryman (1914–1972) alifanya hivyo. Baba yake alijiua mwaka 1926, yeye akiwa na miaka 11, na utu uzimani alisumbuliwa na sonona pamoja na ulevi. Mwaka 1964 alichapisha *77 Dream Songs*, kitabu kilichopata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Aliendelea kutunga hadi mashairi yakafika 385, mengi yakiwa na beti 3 za mishororo 6. Mhusika wake mkuu ni Henry. Berryman alisisitiza kwamba Henry si yeye, ingawa baba yake Henry naye alijiua.

Tuone jinsi mbinu hii inavyofanya kazi. Chukua sentensi hii: “Nimeshindwa kutoka kitandani, sina maana.” Ni hukumu, na msemaji hana pa kusimama nje yake. Sasa iandike hivi: “Henry ameshindwa kutoka kitandani. Anasema hana maana.” Neno “anasema” limebadilisha mengi. Hukumu imegeuka kuwa usemi wa mtu fulani, na usemi waweza kuhojiwa, hata kuhurumiwa. Berryman humhamisha Henry kati ya “mimi”, “wewe” na “yeye”, wakati mwingine ndani ya shairi moja, hivyo msomaji huingia katika maumivu na kutoka.

Saikolojia imechunguza jambo linalokaribiana na hili. Mwaka 2014 mwanasaikolojia Ethan Kross na wenzake walionyesha kwamba watu waliojisemesha kimoyomoyo kwa kutumia majina yao, badala ya “mimi”, walimudu vizuri zaidi wasiwasi wa kuhutubia mbele ya watu. Wasiwasi wa saa moja si sonona, lakini hatua ya kusogea kando ni ileile.

Henry pia ana rafiki asiyetajwa jina, anayemjibu na kumkanya. Lugha ya rafiki huyo ilichotwa katika maigizo ya wazungu waliojipaka rangi nyeusi kuwadhihaki watu weusi, na wahakiki wana haki ya kumlaumu Berryman kwa hilo. Hata hivyo, kuwapo kwa rafiki huyo kuna uzito mkubwa: sonona humfungia mtu na sauti moja tu, na mashairi haya yameweka ya pili.

Berryman alijiua mwaka 1972. Mhusika alimwezesha kusema. Kutibu sonona ni kazi ya tiba, na tiba ipo.