Kukadiria Namba: Lini Hukusaidia, Lini Hukugharimu

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa. Bei hizo hutofautiana wilaya kwa wilaya, kwa kuwa gharama ya kusafirisha mafuta kutoka bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara si moja, na mara nyingi huishia kwa tarakimu ambazo hazilipiki kwa fedha taslimu. Katika somo hili tutatumia bei ya mfano tu: shilingi 2,943 kwa lita ya petroli. Sarafu ndogo ambayo wengi wetu huipata kwa urahisi siku hizi ni ya shilingi 50. Kwa hiyo, kwenye pampu, ni lazima namba fulani ikadiriwe. Swali ni namba ipi, na inakadiriwa wakati gani.

Kanuni yenyewe tuliisoma shule ya msingi. Chagua nafasi unayotaka kuishia, iwe ni makumi, mamia au maelfu, kisha tazama tarakimu moja iliyo kulia kwake. Ikiwa ni 0 hadi 4, tarakimu ya nafasi uliyochagua hubaki kama ilivyo. Ikiwa ni 5 hadi 9, huongezeka kwa moja. Tarakimu zote za kulia hugeuka sifuri. Hivyo 2,943 kwa mamia yaliyo karibu ni 2,900, na kwa maelfu yaliyo karibu ni 3,000.

Kosa linalowapata hata watu hodari wa hesabu ni kukadiria mara mbili. Chukua 2,448. Kwa mamia yaliyo karibu ni 2,400, kwa kuwa tarakimu ya makumi ni 4. Lakini mtu akianza kuikadiria kwa makumi, atapata 2,450. Akiendelea kwa mamia kutoka hapo, atapata 2,500. Shilingi mia moja zimezaliwa njiani bila mtu yeyote kudanganya. Namba ikadiriwe mara moja tu, tena kutoka kwenye thamani yake halisi.

Turudi kwenye pampu. Dereva wa bodaboda ananunua lita 4 kwa siku. Malipo halali ni shilingi 2,943 mara 4, yaani 11,772. Akitoa noti ya 10,000 na noti ya 2,000, mhudumu akachukua 11,800, dereva amepoteza shilingi 28. Kwa kanuni tuliyoieleza, hamsini iliyo karibu zaidi ni 11,750, lakini ni nadra kumwona mhudumu akikadiria kwa kushuka. Kwa siku 26 za kazi upotevu huo ni shilingi 728. Unaudhi, ingawa haubomoi nyumba.

Sasa tuseme mhudumu hakadirii jumla, bali anakadiria bei ya lita moja na kusema, "Ni elfu tatu tu, kaka." Hapo kila lita imeongezwa shilingi 57. Lita 4 kwa siku, siku 26, ni lita 104, na upotevu ni shilingi 5,928 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 71,136, fedha ambayo ingenunua lita 24 kwa bei ileile halali. Tena hili si suala la chenji: muuzaji yuko huru kuuza chini ya bei kikomo, lakini haruhusiwi kuuza juu yake, hata kwa kisingizio cha kurahisisha hesabu. Kosa dogo katika bei ya kipimo kimoja huzidishwa kwa idadi ya vipimo. Kosa katika jumla halizidishwi na kitu.

Njia ya kuepuka yote mawili ni kununua kwa kiasi cha fedha badala ya lita. Ukiomba petroli ya shilingi 10,000, hakuna chenji ya kubishania, na pampu huonyesha lita hadi sehemu mbili za desimali. Hapa ndipo kukadiria kunapokuwa silaha ya mnunuzi. Gawanya 10,000 kwa 3,000 kichwani: utapata lita 3 na theluthi, yaani takribani 3.33. Kwa kuwa umeipandisha bei, jibu hilo ni dogo kuliko stahili yako. Ukisoma 3.40 kwenye pampu, hesabu imekaa sawa. Ukisoma 3.25, umetozwa takribani shilingi 3,077 kwa lita, na una haki ya kuuliza palepale.

Upande wa kukadiria una maana vilevile unapopanga matumizi. Unga 3,400, maharage 2,300, sabuni 1,400, mafuta ya kula 5,400: kwa maelfu yaliyo karibu ni 3,000, 2,000, 1,000 na 5,000, jumla 11,000. Dukani utadaiwa 12,500. Kanuni ya shule haikukosea. Bahati mbaya namba zote zilishuka pamoja. Anayepanga bajeti apandishe kila bei.

Ankara ya maji, kwa upande wake, huzua malalamiko ambayo mara nyingine hayana msingi. Katika dira nyingi za majumbani, tarakimu nyeusi ni uniti kamili, kila moja ikiwa lita 1,000, na nyekundu ni sehemu ya uniti. Msoma dira huandika nyeusi peke yake. Dira ikiwa 412.87 mwezi uliopita na 427.13 mwezi huu, umetumia uniti 14.26, lakini ankara itasema 427 kutoa 412, yaani 15. Hujadhulumiwa. Zile 0.87 ulizitumia kabla ya usomaji uliopita na hazikuingia kwenye ankara ya wakati ule, zimeingia sasa. Kwa kuwa kila usomaji huanzia pale uliopita ulipoishia, tofauti hailimbikizwi, hata baada ya miaka kumi haifiki uniti moja. Ingekuwa jambo jingine kabisa kama matumizi ya kila mwezi yangepandishwa hadi uniti kamili: hapo kipande cha kila mwezi kingekuwa hasara mpya.

Bei kikomo ya wilaya yako hupatikana kwa kupiga *152*00# na kufuata maelekezo. Dai risiti inayoonyesha bei kwa lita, na uihifadhi. Ikiwa namba hazikubaliani, anza kwa kumweleza mtoa huduma. Asipokuridhisha, wasilisha malalamiko yako EWURA ukiwa na risiti hiyo.