ELIMU KWA UMMA: Namna ya Kupata Vitabu vya Nukta Nundu kwa Njia ya Intaneti

Mwanafunzi asiyeona husoma kwa ncha za vidole. Karatasi ya nukta nundu ni nene na herufi zake huchukua nafasi kubwa. Hivyo kitabu kimoja cha kawaida hugeuka kuwa majuzuu kadhaa mazito, ghali kuyachapa na magumu kuyasafirisha. Mara nyingi mwanafunzi huyo hubaki akisubiri kitabu ambacho wenzake wamekwisha kukimaliza.

Intaneti inaweza kufupisha kungoja huko. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 2020, unaruhusu taasisi zilizoidhinishwa kutengeneza nakala zinazosomeka na wasioona na kuzivusha mipaka ya nchi. Miongoni mwa maktaba zitoazo huduma hiyo ni Bookshare ya Marekani. Mwananchi anayeihitaji afuate hatua zifuatazo:

1. Uthibitisho. Daktari au mwalimu wa elimu maalumu athibitishe kwamba mwombaji hawezi kusoma maandishi ya kawaida. Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye hutia saini. Vitabu ni kwa matumizi ya mwanachama pekee, hivyo havipaswi kusambazwa.

2. Kupakua. Lichaguliwe faili la aina ya BRF. Anayeanza kujifunza achague mfumo usio na vifupisho, ambamo neno huandikwa herufi kwa herufi.

3. Kusoma. Faili bado si kitabu. Huhitaji mashine ya kuchapa nukta nundu, au kifaa kinachounganishwa na simu au kompyuta ambacho nukta zake huinuka na kushuka chini ya vidole.

Hatua ya tatu ndiyo ngumu zaidi, kwa kuwa vifaa hivyo ni ghali. Kabla ya kununua chochote, mzazi amwulize mwalimu wa elimu maalumu iwapo ipo shule ya jirani yenye mashine. Faili huweza kupelekwa huko kwa flashi.

Asiyepata kifaa anaweza kusikiliza kitabu hicho kwa sauti kupitia simu. Hata hivyo, sikio halifundishi tahajia. Mtoto anayesikiliza tu huweza kujua hadithi nzima asijue kuandika majina ya wahusika wake. Sauti na iwe msaada wa vidole, isiwe mbadala wake.