SOMO LA AFYA: Kwa nini mwili huwaka virusi vinapoingia?

Mtoto akipata surua au mafua makali, mwili huwa moto, macho mekundu, koo huuma. Hiyo si kazi ya virusi peke yake. Ni askari wa mwili wanaopigana. Vita hivyo vinatusaidia, lakini visipotulia huumiza mapafu na viungo vingine.

Nani huwatuliza askari? Ndani ya seli zetu mna RNA. Baadhi hubeba maagizo ya kutengeneza protini. Nyingine hazitengenezi protini. Baadhi ya hizo hupunguza au kuzuia maagizo hayo. Zilizo ndogo sana huitwa maikroRNA. Victor Ambros na Gary Ruvkun wa Marekani waliligundua jambo hili kwa mnyoo mdogo mwaka 1993, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 2024. Moja yake, miR-146a, huongezeka vita vikianza, kisha hupunguza protini zinazovichochea. Ni kama breki ya baiskeli mteremkoni.

Breki hiyo haiuzwi dukani. Wewe mzazi fanya haya:

1. Mtoto akiwa na homa, apimwe malaria. Kwa kumtazama tu huwezi kujua.
2. Usimpe aspirini. Usimpe antibayotiki zilizobaki nyumbani, haziui virusi.
3. Mnyonyeshe au mpe vinywaji mara kwa mara.
4. Hakikisha amechanjwa surua.

Akipumua kwa shida, akipata degedege, akilegea au akishindwa kunyonya, usingoje kuche. Wahi kituo cha afya kilicho karibu. Upande wa Jinja, watoto mahututi hutibiwa hospitali ya watoto ya Nalufenya; upande wa Mbale, hospitali ya rufaa ya Mbale.