Kihisi Kinapodanganya: Namna ya Kuunda Mfumo wa Kuongoza Ndege Unaojaribika kwa Kompyuta

Makala haya yanajadili namna mfumo wa kuongoza ndege unavyopaswa kuundwa ili kompyuta iweze kuujaribu yenyewe. Mfano wetu ni ndege ya kuwazia tu, inayoruka kutoka Voi na kupanda kuelekea Chawia. Mbele yake ipo Milima ya Taita, ambayo kilele chake cha Vuria kina kimo cha mita 2,208. Hapo hapana nafasi ya kubahatisha.

Katika ndege za kisasa, kihisi hupima pembe kati ya bawa na upepo unaolijia. (Tumependelea kihisi badala ya sensa, kwani sensa kwetu ni kuhesabu watu.) Kompyuta huisoma pembe hiyo, huamua, kisha huliamuru bawa dogo la mkiani kuinua au kuinamisha pua. Mbunifu akiyafuma mambo haya matatu pamoja, mjaribu hawezi kujua mfumo utafanya nini kihisi kikidanganya, ila kwa kuirusha ndege yenyewe. Lakini sehemu ya uamuzi ikitengwa, ikapokea tarakimu na kutoa amri tu, hata saa ikaipata kutoka nje, kompyuta ya maabara yaweza kuilisha maelfu ya safari za Chawia kwa usiku mmoja: upepo mkali, waya uliokatika, vihisi viwili vinavyopingana. Kila safari huwa na kigezo kilichoandikwa kabla, mathalani kwamba pua isiinamishwe kupita kiasi ambacho rubani aweza kuirejesha.

Suala hili si la nadharia tupu. Tarehe 10 Machi 2019, Boeing 737 MAX ya Shirika la Ndege la Ethiopia ilianguka dakika sita baada ya kuondoka Addis Ababa kuja Nairobi. Watu wote 157 walifariki, Wakenya wakiwa wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Kihisi cha kushoto kilionyesha takriban nyuzi 75, cha kulia 15. Mfumo uitwao MCAS ulikisikiliza kimoja tu, kile cha uongo, ukaiinamisha pua mara kwa mara. Oktoba 2018, ndege ya aina hiyo hiyo ilikuwa imeua watu 189 nchini Indonesia kwa namna hiyo, na hadi siku ile maelezo ya namna MCAS inavyofanya kazi hayakuwamo katika miongozo ya marubani.

Je, majaribio hayakufanywa? Yalifanywa. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilieleza Septemba 2019 kwamba Boeing iliijaribu amri potovu ya MCAS katika kiigizi, lakini haikukiigiza kihisi kibovu pamoja na wingi wa tahadhari zinazomwangukia rubani kwa pamoja. Kwa maoni yetu, kilichokosekana hapo ni swali, wala si mitambo.

Marekani iliruhusu ndege hizo kuruka tena Novemba 2020. Sasa vihisi vyote viwili hulinganishwa. Vikitofautiana kwa zaidi ya nyuzi 5.5, MCAS hunyamaza. Tukiipa ndege yetu ya Voi kigezo hicho, kisha tuilishe 75 na 15, tofauti ni 60: mfumo unakaa kimya, na ndege inapita juu ya Chawia usukani ukiwa mikononi mwa rubani.