Ndoo ya Taka na Uhai wa Hospitali Kubwa

Hospitali kubwa ni mji mdogo usiolala. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, kwa mfano, ina vitanda vipatavyo 1,500. Na nyuma ya vitanda hivyo mna jiko, vyumba vya kufulia, maabara, ghala la dawa na watumishi wafanyao kazi kwa zamu usiku na mchana. Mji wa namna hii hutumia chakula, maji na nishati, na mwishowe hutoa taka. Katika somo hili tutaichunguza taka peke yake, kwa kuwa ndani ya ndoo ya taka ndimo zinamokutana pande zote tatu za uendelevu: jamii, mazingira na uchumi.

Maana ya uendelevu

Mwaka 1987 Tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Bibi Gro Harlem Brundtland wa Norwei ilieleza kwamba maendeleo endelevu ni yale yanayotosheleza mahitaji ya watu wa leo bila ya kuwanyima watu wa kesho uwezo wa kutosheleza mahitaji yao. Tukiipima hospitali kwa kanuni hiyo, tunapata maswali matatu. La kwanza ni la kijamii: je, muuguzi, na mfagiaji apitaye chini ya kitanda cha mgonjwa, hurudi nyumbani salama? La pili ni la mazingira: je, kazi ya kuponya haizai wagonjwa wengine nje ya ukuta? La tatu ni la uchumi: je, fedha zilizopo zinatumika kuponya, au zinapotea njiani?

Hesabu ya mchanganyiko

Watu wengi hudhani kwamba taka zote za hospitali ni za hatari. Sivyo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa asilimia 85 hivi ni taka za kawaida, kama vile maganda, mabaki ya chakula, karatasi na maboksi. Asilimia 15 iliyosalia ndiyo ya hatari: bandeji zenye damu, sindano, dawa zilizopitwa na muda, kemikali na vitu vichache vinavyotoa mionzi.

Tuchukulie hospitali ya vitanda 1,000, ambayo kila kitanda hutoa kilo 1.2 za taka kwa siku. Jumla ni kilo 1,200, na asilimia 15 yake ni kilo 180. Kwa wepesi wa hesabu, tuseme kilo hizo 180 zote ni taka zenye vijidudu, na kwamba mtambo wa kuulia vijidudu hupokea kilo 60 kwa mkupuo mmoja wa saa 1. Taka zikitengwa, mikupuo 3 inatosha. Lakini zikichanganywa, ganda la ndizi lililogusana na bandeji yenye damu halina budi kuhesabiwa kuwa la hatari. Sasa kilo zote 1,200 zataka kutakaswa: mikupuo 20, saa 20. Gharama imepanda karibu mara 7, na nyongeza hiyo yote haikumponya mgonjwa hata mmoja.

Mvuke na moto

Mtambo tulioutaja hutumia mvuke. Usawa wa bahari, maji katika chombo kilicho wazi huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, joto ambalo baadhi ya bakteria waliojifunika gamba gumu huweza kulistahimili. Ndani ya chombo kilichofungwa barabara, kanieneo ikifika takriban mara mbili ya ile ya angahewa, mvuke hufikia nyuzi 121. Joto hilo, likidumishwa kwa muda wa kutosha, huziharibu protini za vijidudu, kama vile ute wa yai unavyogandishwa na moto.

Njia ya kuchoma ina tatizo lake. Baadhi ya vifaa vya hospitali, hasa mirija na mifuko, hutengenezwa kwa plastiki ya PVC, ambayo ina klorini. Plastiki hiyo ikichomwa shimoni au katika tanuri duni, huweza kutoa dioksini, sumu inayodumu muda mrefu, inayojikusanya katika mafuta ya wanyama na maziwa, na inayoweza kusababisha saratani. Ndiyo maana Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ambao Tanzania na Kenya ni wanachama wake, huzitaka nchi zipunguze utoaji wa sumu hiyo. Tanuri bora huhitaji joto la nyuzi 850 au zaidi pamoja na vifaa vya kusafisha moshi.

Tena, kuugeuza kilo 1 ya maji yachemkayo kuwa mvuke huhitaji kilojuli 2,260 hivi. Basi kuchoma maganda mabichi ni kununua mafuta ili kukausha maji. Maganda yale yale, yakitengwa na kutiwa katika tangi lisilopitisha hewa, huoza na kutoa gesi ya methani inayoweza kuwasha jiko la hospitali.

Mwiba uliodharauliwa

Wahenga walinena: mdharau mwiba mguu huota tende. Sindano iliyotupwa ovyo ni mwiba huo. Mtu asiyechanjwa akichomwa na sindano iliyotumiwa na mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B, uwezekano wa kuambukizwa huweza kufika asilimia 30. Kwa virusi vya UKIMWI ni asilimia 0.3 hivi. Kwa hiyo sindano hutiwa mara moja, bila kurudishiwa kifuniko, katika boksi gumu lililowekwa pale pale inapotumiwa. Na boksi hufungwa likijaa robo tatu. Chanjo ya homa ya ini B nayo ni haki ya mfagiaji sawasawa na daktari, maana ndoo hubebwa na mfagiaji.

Hitimisho

Twaona basi kwamba maswali yetu matatu hujibiwa kwa pamoja katika nukta moja: pale mkono ulioshika taka unapochagua ndoo. Mtambo wa thamani kubwa hauwezi kurekebisha kwa urahisi kosa lililofanywa kando ya kitanda.

Maswali na kazi ya darasani

1. Rudia hesabu yetu kwa hospitali ya vitanda 600.
2. Katika hospitali ya vitanda 1,000, sehemu moja ya kumi ya taka za kawaida imetiwa kimakosa katika ndoo ya hatari. Mikupuo mingapi itahitajika?
3. Kwa nini maharage huchelewa kuiva katika sufuria iliyo wazi mlimani kuliko pwani?
4. Kwa siku 3, tengeni taka za shule yenu katika mafungu ya chakula, karatasi na plastiki, kisha mzipime kwa mizani. Vaeni glavu, na msiguse taka za zahanati.